Krimu ya kapsaisini kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi: uzoefu wangu hapa Mbeya

Naandika hasa kwa wale waliougua mkanda wa jeshi, malengelenge yakakauka, makovu yakaanza kufifia, lakini maumivu yakagoma kuondoka. Kama imepita miezi mitatu tangu vipele vitoke na bado unaungua, ujue hujirogi wala hujidekezi. Kirusi cha tetekuwanga, ambacho hubaki kimejificha mwilini tangu ulipougua utotoni, huamka na kuumiza mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo huweza kuendelea kupiga kelele hata ngozi ikishapona. Umri ukisogea, hasa ukivuka miaka 60, hali hii huwapata watu wengi zaidi.

Yangu yalikaa ubavu wa kushoto, kuanzia mgongoni kuzunguka hadi chini ya titi. Muda wote panaungua, na katikati ya kuungua huko vinakuja vichomi vya ghafla, kama shoti ya umeme. Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni nguo. Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, kutwa nashika vitambaa, na kitambaa hicho hicho kikinigusa ubavuni machozi yananitoka. Sidiria niliiweka kando kabisa. Sweta je? Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba anajua kwamba bila sweta hutoki nje asubuhi. Nafuu niliyoigundua ni kuvaa blauzi laini inayobana kidogo, kisha sweta juu yake. Nguo iliyolegea, ile inayopepea na kugusagusa ngozi, ndiyo inayouma zaidi kuliko inayokandamiza.

Dawa za kuchua zimejaa madukani, na kila muuzaji ana yake. Jeli ya diklofenaki ni nzuri kwa goti au misuli iliyovutika, ila kwangu haikufanya kitu. Zile zenye mentholi zinaleta ubaridi wa dakika chache, basi. Duka moja walinipa krimu ya betamethasoni wakisisitiza kwamba ndiyo "ya mkanda". Hili linaniuma mpaka leo. Dawa hiyo ni ya ngozi iliyovimba au inayowasha. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa haiutibu, na ukiipaka muda mrefu inafanya ngozi kuwa nyembamba. Mtu mwenye maumivu ananunua chochote anachopewa, kwa hiyo anayeuza anapaswa kuuliza kwanza maumivu yenyewe yakoje.

Daktari alinianzishia vidonge vya amitriptilini vya usiku, halafu akaniandikia krimu mbili za kupaka. Ya kwanza ni ya lidokeini, inayotia ganzi. Naisifu kwa usiku: unapaka, panakufa ganzi, unapata usingizi. Asubuhi maumivu yapo pale pale. Usiipake eneo kubwa kupita ulivyoelekezwa, maana ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kusumbua moyo.

Ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri, krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075. Kapsaisini ndiyo kitu kinachoifanya pilipili iwe kali. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna vipokezi vinavyohisi joto la kuunguza, na kapsaisini huviamsha hivyo hivyo, ndiyo maana mdomo unaungua ukila pilipili ingawa hakuna moto. Ukiipaka kila siku bila kuruka, ncha zile huchoka na kupunguza kutuma taarifa za maumivu. Mwanasayansi David Julius wa Marekani alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini yenyewe, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa kwenye matumizi. Unapaka kidogo tu, mara tatu hadi nne kwa siku, na siku za mwanzo inaunguza kwelikweli. Wengi huachia hapo. Mfamasia alinitahadharisha mapema: "Mama, ukipaka leo ukaacha kesho, utabaki na kuungua tu, faida hutaiona." Nafuu huja polepole, kwa wiki kadhaa. Kwangu kwanza vichomi vilipungua ukali, halafu siku moja nikashtukia nimekaa na mteja muda mrefu, namchukua vipimo, bila kuushika ubavu.

Shida kubwa kwetu sisi wa nyanda za juu ni maji ya moto. Baridi yetu hairuhusu kuoga maji ya bomba, na ukioga ya moto kabla au baada ya kupaka, moto wa pilipili unaamka upya. Ninachofanya ni kuoga maji ya uvuguvugu, kujifuta, kusubiri mwili upoe kabisa, ndipo napaka. Jua kali na jasho navyo vinaichochea. Navaa glavu za plastiki, kisha nanawa kwa sabuni hata hivyo, kwa sababu ikifika jichoni ni balaa. Kwenye kidonda au ngozi iliyochubuka usiguse. Usifunge bandeji ya kubana juu yake. Na ikikauka usiikwangue, unga wake unakereketa koo.

Shangazi yangu wa Tukuyu ana kisukari, nyayo zinamuungua usiku, akaniomba nimgawie. Nilimkatalia, nikampeleka kliniki kwanza. Kapsaisini hutumika pia kwa maumivu ya mishipa yatokanayo na kisukari, lakini mguu wa kisukari huweza kuwa na ganzi na kidonda ambacho mwenyewe hajakihisi. Walimkagua nyayo zote, hadi katikati ya vidole, ndipo wakamruhusu, huku wakimkazania sukari ishuke.

Kwangu haijamaliza maumivu. Siku za baridi kali bado nayasikia, na vidonge vya usiku sijaacha. Ila sidiria navaa tena, na sweta pia. Udhaifu wake ni kupaka mara nyingi kwa siku ukiwa kazini, na upatikanaji: maduka mengi niliyozungukia hapa mjini hawakuwa nayo, mpaka famasia moja ikaniagizia kutoka Dar es Salaam. Ukienda kuulizia, taja kapsaisini na asilimia yake kama ilivyo kwenye cheti cha daktari, maana ukisema tu "krimu ya mishipa" utapewa ya kuchua misuli.