molluSCAN-eye: chaza 16 wanaopima maji ya pwani usiku na mchana

Chaza hana pa kukimbilia. Maji yakimchukiza, anafunga makombe yake na kusubiri, na hapo ndipo mfumo wa molluSCAN-eye, unaopima kufunga na kufunguka huko, unapopatia habari zake. Ulibuniwa Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika EPOC, maabara ya utafiti wa bahari iliyo chini ya CNRS, taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi ya Ufaransa, na Chuo Kikuu cha Bordeaux, na ulianza kufanya kazi baharini kwenye ghuba ya hapohapo mwaka 2006. Baadaye ulifungwa pia kwenye maji ya baridi kali ya Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, na maji ya joto ya New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki ya Kusini.

Kila mnyama anagundishwa vielektrodi viwili, kimoja kila kombe, karibu na ukingo unaotazamana na bawaba, kwa kuwa hapo ndipo mwanya unapokuwa mpana zaidi. Kimoja hutoa uga wa sumakuumeme na cha pili huupokea. Makombe yakikaribiana mawimbi hupokewa kwa nguvu, yakiachana hufifia, na nguvu hiyo hugeuzwa kuwa milimita. Mfumo husoma mnyama mmoja kila sekunde 0.1 na kuwazungukia wote 16, kwa hiyo kila chaza hupimwa kila baada ya sekunde 1.6. Hiyo ni mara 54,000 kwa siku kwa kila mnyama. Data hutumwa kila siku kupitia mtandao wa simu hadi kwenye seva, na huko ndiko hesabu zinakofanyika.

Ubora wake mkubwa ni wepesi. Vielektrodi ni vidogo na nyaya ni laini, hivyo mnyama anafungua na kufunga kama alivyozoea. Ukimgandisha kwenye bamba au kumfunga uzi unaovuta mkono wa kipimo, unaishia kupima usumbufu wako mwenyewe.

Grafu za mfumo huu zinastahili kutazamwa kwa makini. Chaza mwenye afya hukaa wazi sehemu kubwa ya siku, na kila mara hufunga kidogo na kufungua tena. Jike anapotaga, mstari huanza kupiga kwa mpangilio, kufunga na kufungua, kufunga na kufungua, huku akisukuma mayai nje. Jambo hilo huonekana mara moja hata kwa mtu aliye mamia ya kilomita kutoka alipo chaza. Kombe linavyozidi kunenepa, umbali kati ya vielektrodi wakati mnyama amefunga kabisa huongezeka kidogokidogo, na hivyo unapata kasi ya ukuaji bila kumtoa majini. Akifa, msuli wa kufunga hulegea na makombe hubaki yamepanuka moja kwa moja. Kwa mfugaji, hayo peke yake yanatosha kuhalalisha mtambo.

Sasa mipaka yake, na wauzaji wa teknolojia za aina hii wangepaswa kuanza nayo. Chaza anakwambia kwamba kuna kitu. Hakwambii ni kitu gani. Shaba iliyoyeyuka, klorini, mwani wenye sumu, oksijeni kupungua, na hata maji ya mvua kubwa yaliyoteremka na mto vyote vinaweza kumfanya abadili tabia. Bila kipima chumvi, joto na oksijeni kando yake, masika yote utakuwa unakimbilia kengele za uongo. La pili ni zito zaidi: bakteria wa kinyesi hawamshtui. Anawachuja na kuendelea kula. Mwenye hoteli ya ufukweni au muuza chaza anayedhani mfumo huu utachukua nafasi ya vipimo vya maabara vya E. koli anahatarisha afya za watu.

Kengele isitegemee mnyama mmoja. Chaza mmoja hufunga kwa sababu kaa amempitia. Kiwango kizuri cha kuanzia ni robo tatu ya kundi kufunga ndani ya dakika chache na kubaki hivyo, na kabla ya kuamini kengele yoyote, kusanya data ya kawaida kwa mwezi mwandamo mzima, ili bamvua na maji mafu vyote viwemo. Mwaka mzima ni bora zaidi, maana tabia hufuata kupwa na kujaa kwa maji, mwanga na majira.

Kwa pwani yetu, uchaguzi wa mnyama ndio utakaoamua mafanikio. Chaza wa mikoko ana kombe lenye mabonde, na maji yakipwa anabaki nje amefunga. Saa hizo huna habari yoyote. Afadhali chaza wa lulu, mwenye kombe pana na bapa, akining'inizwa chini ya chelezo asikokaukiwa. Maji yetu ya joto huotesha uchafu haraka, kwa hiyo panga kusafisha kwa brashi laini kila wiki moja au mbili, na uifute data ya siku hiyo, kwani kila aliyeguswa atakuwa amefunga kwa woga.

Asiyemudu mfumo wa Arcachon anaweza kuanza na sumaku na kihisi cha Hall, kifaa kidogo kinachopima nguvu ya sumaku, njia iliyotumika Japani kwenye chaza wa lulu wa ghuba ya Ago kutambua mlipuko wa mwani wa hadubini unaogeuza maji kuwa mekundu na kuua chaza. Sugua sehemu ya kugundisha kwa msasa laini, ikaushe, ifute kwa spiriti, kisha gundisha sumaku ndogo kombe moja na kihisi kombe la pili. Kihisi chenyewe kizamishwe kwenye epoksi, gundi inayoganda ngumu, hadi mwanzo wa waya, kwa sababu maji ya chumvi huingilia pale waya unapotokea. Usitumie kizimba cha chuma, kitapotosha usomaji. Nguvu ya sumaku haipungui sawasawa na umbali, hivyo kila mnyama anahitaji jedwali lake. Pima akiwa amefunga kabisa, kisha mwishoni mwa kazi, msuli ukishakatwa, ingiza vibao vya plastiki vya unene unaoujua, milimita 1, 2, 4 na 6, na uandike usomaji wa kila kimoja.