Uzoefu wangu: majira ya joto kwenye kampasi ya Madison kwa sisi tusio wanafunzi

Kama wewe au mwenzio mnasoma Chuo Kikuu cha Wisconsin hapa Madison, Marekani, na mna watoto, msiyapoteze majira ya joto yanayokuja mkiwa mmejifungia ndani. Naandika mapema, theluji hata haijaisha, kwa sababu baadhi ya mambo yanataka kujiandikisha kabla, na mengine yanataka tu ujue kwamba yapo. Mimi si mwanafunzi. Anayesoma ni mke wangu, nami ndiye ninayeshinda na watoto wetu wawili. Kwa muda tuliokaa hapa nimeridhika kabisa kwamba kampasi hii ni ya kila mtu, mwenye kitambulisho cha chuo na asiye nacho. Wengi wetu tumezoea vyuo vyenye geti na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Hapa geti halipo, na vitu vizuri vingi ni vya bure. Nimewaona wake na waume wa wanafunzi wakimaliza Juni hadi Agosti wakiangalia simu, na inaniuma, kwa kuwa miezi mizuri ya Madison ni hiyo hiyo.

Nianze na Terrace, maana ndiko kila mtu huishia. Ni baraza kubwa la nje, nyuma ya jengo la Memorial Union lililofunguliwa mwaka 1928, nalo linateremka hadi kwenye maji ya ziwa Mendota. Viti vyake ni vya chuma, migongo yake imetengenezwa mfano wa jua linalochomoza, kijani, njano na rangi ya chungwa, na watoto wangu hawakai mpaka kila mmoja apate rangi yake. Muziki wa jukwaani ni bure. Jumatatu usiku huonyeshwa filamu kandokando ya maji, nayo bure. Njooni na blanketi, maana hata mwezi wa Julai upepo wa ziwa huwa na ubaridi usiku.

Kinachomsumbua mgeni kutoka kwetu ni saa. Mwezi wa Juni jua la Madison huzama karibu saa mbili na dakika arobaini usiku. Mtu aliyezoea Magharibi kuingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, mwili wake unachanganyikiwa: umekula, umechoka, na watoto bado wanakimbizana kwenye mwanga. Sisi tumejifunza kuwalaza mchana siku ya filamu. Bila hivyo mdogo analala kabla picha haijaanza na mkubwa analia njia nzima ya kurudi nyumbani. Waislamu wenzangu wajue pia kwamba soseji maarufu ya hapa, hiyo wanayoiita brat, kwa kawaida ni ya nguruwe, na bia inauzwa hapo hapo barazani. Haijatuzuia kwenda. Tunabeba chapati zetu, maharage ya nazi na chupa ya chai, tunakaa upande wa maji, na hakuna aliyewahi kutuuliza lolote zaidi ya kutaka kujua chapati inapikwaje.

Aiskrimu nitaipa aya yake, kwani ina habari. Inatengenezwa na kiwanda cha maziwa cha chuo chenyewe, Babcock Hall. Jina hilo ni la Stephen Babcock, mkemia wa kilimo aliyebuni hapa hapa, mwaka 1890, kipimo cha mafuta kwenye maziwa. Unachanganya maziwa na asidi ya salfuriki, unaizungusha chupa kwa kasi kwenye mashine, mafuta yanapanda kwenye shingo yenye alama, unasoma. Kabla ya kipimo hicho, aliyetia maji na asiyetia walilipwa sawasawa kwa uzito. Babcock hakuchukua hataza. Aliiacha njia yake itumike na yeyote. Baba yangu alifuga ng'ombe Muheza, na kila alfajiri maziwa yake yalitumbukizwa laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama yametiwa maji, kwenye kituo cha kukusanyia, wafugaji wenzake wamesimama na madumu wakisubiri zamu. Nilipompigia simu kumweleza niko kwenye duka lenye jina la mtu huyo, alinishikilia nusu saa akitaka maelezo. Nenda na watoto, na usiwape tu koni, waeleze. Kama unajihadhari na jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe, muulize muuzaji kuhusu ladha unayotaka kabla hujaagiza.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote: Washburn Observatory, kituo cha kutazama nyota kilichopo juu ya kilima kinachoangalia ziwa. Kilijengwa karne ya 19 kwa fedha za Cadwallader Washburn, aliyekuwa gavana wa jimbo, na darubini yake ya lenzi ya inchi 15.6 ni ile ile ya zamani. Jumatano za kiangazi, anga ikiwa safi, milango hufunguliwa giza likiingia na mtu yeyote anaingia kuchungulia bila kulipa. Kukiwa na mawingu hakuna kitu, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kutoka nyumbani. Mnapanga mstari ndani ya kuba yenye giza, mnaongea kwa sauti ya chini, halafu mnapanda ngazi mmoja mmoja hadi kwenye kioo. Usiku tulioupata sisi walikuwa wameielekeza darubini kwenye mwezi. Binti yangu alishika ukingo wa ngazi, akafumba jicho moja, akanyamaza kwa muda mrefu hata nikaogopa kwamba haoni kitu. Kisha akasema, "Baba, unatikisika." Kweli ulikuwa unatikisika: hewa yenye joto ya usiku wa kiangazi hufanya kingo za mashimo ya mwezi zichezecheze, na kijana aliyekuwa zamu akamweleza hayo kwa utulivu kana kwamba hapakuwa na watu wengine nyuma yetu. Mtoto wa miaka saba, darubini ya zaidi ya miaka mia, senti hata moja hatukutoa. Tatizo ni muda tu. Wenye watoto wadogo sana wasubiri mwisho wa Agosti, giza linapoanza kuingia mapema.

Jumba la makumbusho la jiolojia ni la siku ya mvua. Bure, dogo, lina mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, aliyepatikana Boaz, kijiji cha Wisconsin, mwaka 1897. Nusu saa inatosha. Watoto wangu wanataka saa mbili.

Arboretum, hifadhi kubwa ya miti na mimea, iko mbali kidogo na kampasi yenyewe, lakini ni mali ya chuo, ilizinduliwa mwaka 1934. Humo kuna Curtis Prairie, mbuga ya nyasi iliyorudishwa kwa kupandwa upya kwenye ardhi iliyokuwa shamba, kazi ambayo sehemu yake ilifanywa na vijana wa kambi za kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kuna matembezi ya bure yenye kiongozi. Kufika mwishoni mwa Agosti nyasi zinampita mtu mzima kimo. Vaeni suruali ndefu na mjipake dawa ya mbu. Kupe nao wapo, kwa hiyo mkirudi wakagueni watoto nyuma ya magoti na shingoni.

Kuhusu kambi za watoto za kulipia, iwe za michezo au sayansi, nasema kwa ufupi: ni nzuri, ila kwa familia inayoishi kwa posho ya mwanafunzi ni mzigo, na nafasi hujaa tangu majira ya baridi. Chagua moja ya wiki moja, ulizia punguzo au ufadhili, na wiki zilizobaki zijaze kwa haya ya bure. Ipo pia Grandparents University, babu na bibi wanapokuja kusoma pamoja na wajukuu wa miaka 7 hadi 14, wanachagua somo moja na kuhitimu pamoja. Mama mkwe anakuja mwaka huu kutoka Tanga na tayari namshawishi. Kiingereza chake si kingi, lakini mjukuu atakuwa mkalimani, na hilo peke yake naona ni darasa.

Mwisho, bustani za jamii za Eagle Heights, karibu na nyumba za familia za wanafunzi. Zipo tangu mwaka 1962. Unalipia kipande, unalima mwenyewe. Usikimbilie kupanda joto la kwanza likikudanganya mwezi wa Aprili. Baridi inayoua miche inaweza kurudi hadi katikati ya Mei. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda bamia, maboga na kunde kwa ajili ya majani. Mchicha hatukuhitaji hata kuupanda, kwani mchicha pori humea wenyewe na majirani huung'oa na kuutupa kama magugu. Niliwaomba wanipe, nao wakawa wananirundikia mafungu pembeni mwa kipande changu. Nikaupika kwa tui la kopo nikawapelekea bakuli, na baada ya hapo haukuwa unatupwa tena wote. Dada mmoja wa Bukavu, ambaye mume wake anasoma kama mke wangu, alinionyesha namna ya kutandaza majani makavu kuzuia udongo usikauke. Tunaongea Kiswahili juu ya matuta huku watoto wakimwagilia, na wangu wameanza kumjibu kwa Kiswahili bila kulazimishwa, jambo ambalo nyumbani napigania kila siku.

Vipande hivyo huombwa mapema, kwa hiyo anayetaka aulize sasa hivi. Ziwani, wiki za joto kali, soma bango la ufukweni kabla watoto hawajaingia majini, kwa sababu mwani wenye sumu hutokea Mendota na wakati huo hakuna kuogelea. Usafiri usiwatie hofu: basi namba 80 linatoka Eagle Heights hadi Memorial Union na nauli hakuna. Jumatatu zenye filamu mtatukuta upande wa maji, tukiwa na chapati za kutosha.