Begi la mama lilibaki Dodoma: uzoefu wangu, na kwa nini sasa nautaka uwanja mpya wa Msalato (sio kwa asilimia mia lakini)

Naandika hii hasira haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Shirika lenyewe silitaji, ila waliowahi kusafiri Dodoma–Dar kipindi cha Bunge la bajeti wanajua hali inavyokuwa.

Mama yangu ana kliniki Dar. Zamani tulikuwa tunakwenda na basi, siku hizi magoti yake hayataki tena kukaa kutwa nzima, nikajibana nikakata tiketi mbili za ndege kwa bei ambayo sitaki hata kuikumbuka maana kipindi hicho wabunge wote wako mjini, maofisa wa wizara wanapishana, viti vinagombaniwa. Tulikuwa na begi moja tu la kupima. Ndani kuna nguo zake, dawa zake za presha na za sukari, faili la kliniki lenye vipimo vyote vya nyuma, na zabibu za kumpelekea dada yangu kwa sababu mtu wa Dodoma huwezi kwenda Dar mikono mitupu. Mkoba wa mkononi ulikuwa umejaa maji, kanga na chakula chake, mwenye sukari hakai na njaa.

Nianze na zuri kwa sababu lipo na nitakuwa mwongo nikilificha. Uwanja wa Dodoma wa sasa hivi uko mjini kabisa. Sisi tunakaa Makole, tuliita bajaji, mama hajamaliza hata kunisimulia habari za jirani yake tukawa tumefika. Sikuamka saa kumi usiku, sikukaa foleni, sikulipa teksi ya maelfu. Pale mlangoni kuna mzee mmoja wa kubeba mizigo alimwona mama anavyotembea akaja mwenyewe kumshika mkono, wakasalimiana Kigogo, mbukwa za kutosha, wakagundua wana ukoo wa pamoja huko Mvumi, mama akasahau kama magoti yanamuuma. Kutoka pale mpaka kwenye ngazi ya ndege ni hatua chache tu anazoziweza. Jengo ni dogo, ndege mbili zikigongana muda watu wanasimama, ndiyo, lakini kwa mtu wa umri wa mama udogo ule ndio raha yenyewe. Nilikaa kwenye kiti nikasema hawa wanaotaka kutuhamishia Msalato wanatafuta nini jamani.

Tukafika Dar. Mkanda wa mizigo ukazunguka, watu wakachukua vyao, ukazunguka tena, ukabaki mtupu, ukazimwa. Mama amesimama ameegemea nguzo.

Nikaenda kaunta ya shirika. Kijana amekaa, simu mkononi, nikampa kile kikaratasi cha begi, akakiangalia kidogo akasema, "Dada, ndege ilikuwa nzito, mizigo mingine imebaki." Hivyo tu, kama ananiambia saa. Nikamuuliza mbona hatukuambiwa tukiwa Dodoma, tungetoa dawa tukabeba mkononi. Akajibu, "Sasa mngeambiwa ingesaidia nini, mngeshuka?" Nikamwambia kaka, ndani kuna dawa za mgonjwa, mgonjwa mwenyewe yule pale, anameza kila jioni. Hapo ndo akasema neno ambalo mpaka leo nikilala nalisikia: "Mwambie bibi anunue zingine, Dar famasi ziko kila kona." Hakuinua macho. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, amesimama mbele yake, hata shikamoo hajapewa.

Sikupiga kelele, nilitetemeka tu. Dawa tulinunua kweli, ila moja ya zile anazotumia hatukuipata kwa kipimo chake, kliniki akaenda bila faili, daktari akaanza kumuuliza upya mambo ya miaka na miaka na mama kumbukumbu zake ndo hizo. Vipimo viwili akarudia na hela nikatoa. Begi lilikuja baada ya siku mbili, zabibu zimepondeka zimelowesha faili.

Sasa mtasema hili linahusu nini na uwanja mpya. Mimi mwenyewe nilikuwa naona halihusu, mpaka nilipomhadithia shemeji yangu mmoja ambaye kazi zake ni za ndege. Yeye hakushangaa kabisa. Akanieleza kwamba Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ni mji wa jua, hewa ikiwa ya moto na uko juu inakuwa nyepesi, mabawa hayapati pa kushikia vizuri, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi chini kabla haijanyanyuka. Njia ya kurukia ikiwa fupi rubani ana jambo moja la kufanya, kupunguza uzito. Hizi pangaboi, yaani ndege ndogo za mapanga, hazisumbuki sana, lakini ndege kubwa kidogo, imejaa, saa nane mchana, hapo lazima kitu kishuke, na abiria hashushwi, linashushwa begi. Hakuniapia kwamba ndicho kilichotokea siku ile, hakuwepo, ila alisema kwa uwanja kama ule yeye hicho ndicho cha kwanza angekiuliza.

Njia ya Dodoma ilifikishwa kilomita 2.5 iliporefushwa mwaka 2016, ule mwaka Serikali ilipotangaza inahamia Dodoma kweli kweli. Nakumbuka tulifurahi. Lakini tazama uwanja ulivyokaa, nyumba huku, barabara kule, mji umeukumbatia kila upande. Wanaosema "upanueni huu huu, wa nini kwenda porini" waje waniambie ni mtaa gani unavunjwa. Dar walichagua kubaki palepale wakajenga lile jengo la tatu la abiria lililoanza kazi 2019, ni jengo zuri silikatai, lakini waulizeni watu wa Kipawa na Kipunguni walivyokaa miaka na miaka wanasubiri fidia, mtu hawezi kuendeleza nyumba, hawezi kuuza, hawezi kuhama, anasikiliza ndege tu juu ya bati. Nikiwaza wazee wa Makole na Area C wafanyiwe hivyo, hapana.

Kwa hiyo ndo hivyo, nimebadilika. Siku ile ya mkanda mtupu ningeulizwa ningesema Msalato ifunguliwe kesho asubuhi. Njia ya kule ni kilomita 3.6, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo tangu 2019, Rais Samia akaweka jiwe la msingi Oktoba 2022. Ndege kubwa inaruka imejaa watu na mabegi yao. Dawa za mama zinafika na mama.

Alafu nikarudi nyumbani, hasira ikapungua kidogo, nikaanza kupiga hesabu zingine. Msalato ni kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji, barabara ya Arusha. Sio mbali kwa mwenye V8 ya wizara. Ila ofisi zenyewe za wizara ziko Mtumba, upande mwingine kabisa, barabara ya Dar, ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ndo itakayowaunganisha bila kupita mjini, safi kwao. Sisi wa bajaji je? Mama kwenye bajaji kilomita 12 na vumbi la Oktoba? Itabidi teksi, kwenda na kurudi, kila kliniki. Na jengo kubwa maana yake ni kutembea. Jengo la abiria milioni na nusu kwa mwaka halina yule mzee wa mbukwa pale mlangoni, au kama yupo hatamwona mama katika watu wote wale.

Ndo maana nikawa naona dawa ni kuwa na vyote viwili. Nairobi walipofungua uwanja wa Embakasi mwaka 1958 hawakuufunga ule wa zamani wa Wilson, mpaka leo ndege ndogo za Maasai Mara na Lamu zinarukia pale karibu na mji. Kwa nini na sisi pangaboi za Dar zisibaki uwanja wa zamani, ndege kubwa ziende Msalato? Nikaliandika hilo kwenye grupu la familia nikijiona nimemaliza kesi. Binamu yangu aliyeko Montreal akanijibu kwa sauti ndefu, akasema wao walifanya hivyohivyo, wakafungua uwanja mkubwa sana wa Mirabel mwaka 1975, mbali mno na mji, wakaacha ule wa zamani wa Dorval unaendelea, na treni ya kuwapeleka watu huko haikujengwa. Abiria wanaounganisha safari wakateseka kati ya viwanja viwili, wengi wakaona bora wapitie Toronto. Mwaka 2004 Mirabel ikaacha kupokea abiria kabisa na jengo likaja kuvunjwa. Nilimsikiliza mara mbili nikanyamaza. Lakini bado namwambia, binamu, kilomita 12 sio zile zenu, na Dodoma hatuna watu wa kuunganisha safari kama Montreal, wengi wetu tunakwenda Dar na kurudi, imetosha. Na treni tunayo, SGR inatufikisha Dar kwa muda wa saa tatu na kitu hivi, pengine nusu ya wanaojaza zile ndege wangehamia huko na ndege ingekuwa nyepesi bila hata kujenga kitu. Yaani kila nikikamata jibu linaniponyoka.

Haya, nyota. Uwanja wa zamani wa Dodoma nilikuwa nimeupa tano kwa ajili ya yule mzee na zile hatua chache, nikashusha mpaka mbili nilipojua habari ya njia fupi, sasa naupandisha tena nne kwa sababu sio kosa lake kwamba mji umekua ukaumeza. Msalato siwezi kuipa nyota wakati sijaikanyaga, nasema tu ninaisubiri na ninaiogopa. Shirika, moja, na hiyo moja ni ya rubani maana alitua vizuri. Ndege nzito mimi naielewa, nimeshaelezwa, fizikia haina ugomvi na mtu. Kumficha abiria kwamba begi lake limeshushwa ndo siielewi, maana pale Dodoma tulikaa zaidi ya nusu saa tunasubiri, ilitakiwa sentensi moja tu, "mama, toa dawa zako," ningezitoa kwa dakika mbili na begi lingebaki hata wiki.

Kliniki nyingine ni baada ya mvua. Nilimwambia mama safari hii twende na SGR, akakataa, anasema anataka ndege, anataka kupita palepale, kuna mtu wa Mvumi hajamaliza naye maongezi. Dawa nitabeba mimi mkononi, na faili nimelinunulia mfuko wa plastiki.