Nakahechi kwa siku mbili: njia safi, ila usilale Chikatsuyu

Kumano Kodo ni njia za kale za mahujaji kwenye rasi ya Kii, Japani, na ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004. Kwa safari ya usiku mmoja, kipande kinachofaa ni cha Nakahechi, kutoka Takijiri hadi hekalu kuu la Hongu, kilomita 38 hivi. Njia yenyewe inastahili sifa zake zote. Kasoro ni jinsi wengi wanavyozigawa hizo kilomita.

Kawaida watu hulala Chikatsuyu, kijiji kilicho njiani, kwa hiyo siku ya kwanza ni kilomita 13 na ya pili 25. Hizo 13 zinaonekana chache, lakini mpando unaanza papo hapo nyuma ya hekalu dogo la Takijiri, na kilomita 4 za mwanzo hadi Takahara humla mwenye begi zito saa mbili au zaidi. Kesho yake, miguu ikiwa bado inauma, anakabiliwa na 25 zenye milima juu ya milima. Wengi wanakwama hapo. Ni heri kusogea hadi Tsugizakura, kilomita 4 hivi mbele, ukalale huko. Nyumba za wageni ni chache, basi weka nafasi mapema na uanze kutembea asubuhi, maana chakula cha jioni huandaliwa mapema na wenyeji hawapendi kungoja. Hema usilitegemee, huruhusiwi kulipiga popote utakapo.

Tsugizakura kwenyewe pana mierezi mikubwa ya kale ambayo matawi yake yameelekea kusini tu, na chini yake kuna chemchemi ya Nonaka. Jaza maji hapo, lita mbili, kwa sababu duka hulipati tena hadi karibu na Hosshinmon, kilomita 7 kabla ya Hongu.

Kupotea ni vigumu. Kila mita 500 kuna nguzo ya mbao yenye namba, na kwenye njia panda za uongo wameweka kibao cha kukukataza. Ukitembea robo saa bila kuona nguzo, rudi. Palipo na utata ni Iwagami, kati ya Tsugizakura na Hosshinmon: kimbunga cha mwaka 2011 kiliporomosha mlima, na njia ikahamishwa. Ramani za zamani bado zinaonyesha mapito ya awali; fuata vibao vya mchepuko, si simu.

Adui mkubwa ni utelezi. Mawe yana kuvumwani, mizizi ya mierezi imelala wazi, na Kii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Japani. Watu huanguka kwenye mteremko, si kwenye mpando, kwa kuwa wanatanguliza kisigino. Weka wayo wote chini, fupisha hatua, na uwe na fimbo. Viatu viwe na soli laini ya mpira. Soli ngumu haishiki jiwe bichi. Agosti hadi Oktoba ni msimu wa vimbunga.

Ukifika Hosshinmon umechoka, kuna basi la kwenda Hongu, lakini ni machache: soma ratiba kabla ya kuondoka. Mwenye nguvu asilipande. Kilomita 7 za mwisho ndizo rahisi kuliko zote, na zinapita Fushiogami, mahali mahujaji walipoiona Hongu kwa mara ya kwanza wakapiga magoti.