Lenzi gani ununue kupiga maua ya mwituni wakati wa machweo ukiwa Mombasa

Mkaazi wa Mombasa ana bahari upande wa mashariki. Ufuo wa Nyali na Bamburi ni wa macheo. Anayetaka jua likizama nyuma ya maua lazima aelekee bara, upande wa Kwale, Mazeras, Rabai au Kaloleni. Mvua za masika zikishakwisha, na tena baada ya vuli, kando za njia na mashamba yaliyolala hujaa maua. Huko ndiko lenzi utakayonunua itakakofanya kazi, na mambo mawili ya huko ndiyo yaliyotuongoza kuzipanga lenzi hapa chini, kuanzia inayofaa zaidi.

La kwanza ni kasi ya jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua hushuka karibu wima. Kwa mwaka mzima huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, kutegemea mwezi. Kutoka pale mwanga unapoanza kuwa wa dhahabu, jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, hadi linapougusa upeo, una dakika 25 hivi. Baada ya hapo kuna dakika 20 za wekundu na zambarau, kisha giza. Ushauri ulioandikwa Ulaya, ambako mwanga huo hudumu kwa muda mrefu zaidi, haukufai. Hutakuwa na nafasi ya kubadilisha lenzi mara tatu.

La pili ni kwamba maua yetu hayatandazwi shambani kwa wingi. Yametawanyika: shada la lantana hapa, kishona nguo pale, na katikati ni nyasi. Lenzi inayopendeza kwenye picha za mashamba ya maua ya nchi nyingine inaweza kukuangusha Kwale.

Vipimo vilivyo hapa chini ni vya kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), aina ya APS-C, maana ndizo wengi wanaoanza wanazo: Canon 2000D, Nikon D3500 na nyingine za kundi hilo.

Nafasi ya kwanza: zumu ya mbali ya bei nafuu, 55-250mm au 70-300mm

Wengi hudhani zumu ya mbali, lenzi inayovuta karibu vitu vilivyo mbali, ni ya simba na ndege. Kwa maua ya pwani ndiyo ya kwanza, na sababu iko kwenye jua lenyewe. Ukitaka kujua jua litakuwa na ukubwa gani kwenye sensa, gawanya milimita za lenzi (ile namba ya mm kwenye jina lake) kwa 110. Ukiwa na 18mm, jua ni nukta ya milimita 0.16, karibu haionekani. Ukiwa na 250mm, ni duara la milimita 2.3 kwenye sensa yenye urefu wa milimita 15, yaani zaidi ya sehemu moja ya saba ya kimo cha picha. Hilo ndilo jua kubwa jekundu ambalo watu huota kulipiga.

Faida nyingine ni kwamba ukirudi nyuma ukavuta, maua yaliyoachana mita mbili mbili huonekana yamesongamana. Piga magoti lenzi iwe usawa wa maua, acha mashada matatu manne ya mbele yawe ukungu wa rangi, na fokasi uiweke kwenye ua moja la katikati. Shamba lenye maua machache litaonekana limejaa. Tena hukanyagi kitu, unabaki kwenye njia, na huhitaji kuingia kwenye nyasi ndefu za jioni zinazoweza kuwa na nyoka.

Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM ndiyo tungeitafuta kwanza kwa mwenye Canon. Ina gramu 375, na hukaribia hadi sentimita 85. Kwa umbali huo, ukiwa umevuta hadi mwisho, fremu nzima hufunika upana wa sentimita 8 hivi, kwa hivyo inatosha hata kwa ua moja. Hakikisha maandishi STM, jina la mota yake ya fokasi, yapo. Matoleo ya zamani yasiyo na STM hayakaribii kiasi hicho, huishia mita 1.1.

Kwa Nikon kuna AF-P DX 70-300mm. Ni nyepesi na fokasi yake ni ya haraka, lakini lenzi za AF-P hazipati fokasi kabisa kwenye baadhi ya kamera za zamani kama D90 na D3000. Beba kamera yako dukani, ifunge, ipige, ndipo utoe pesa.

Kasoro yake ni mwanga. Ukivuta hadi mwisho, tundu la kupitisha mwanga haliwi kubwa kuliko f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Upepo wa kusi ukivuma, shina la ua hucheza, na ukitaka ua litulie kwenye picha unahitaji shata, kile kinachofunguka kupiga picha, ya sekunde 1/250 au kasi zaidi. Kituliza mtikisiko, kile kinachoandikwa IS au VR, hutuliza mkono wako tu, ua hakiligusi. Kwa hivyo pandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 au 1600 bila woga. Chembechembe kwenye picha huvumilika, ua lililofifia kwa mtikisiko halirekebishiki. Na ukae macho na kina cha fokasi: kwa 250mm, f/5.6, ua likiwa mita 3, sehemu iliyo kali ni sentimita 3 tu. Ua likiyumba mbele na nyuma kidogo limeshatoka. Piga mfululizo wa picha tano sita kila mara, uchague nyumbani.

Usiliangalie jua kwa jicho kupitia kitazamio cha kioo. Zumu hukusanya mwanga na kuupeleka kwenye mboni. Hii ni hatari ya kweli, na hakuna picha inayolipia jicho.

Nafasi ya pili: 50mm f/1.8

Katika orodha hii hakuna lenzi mpya ya bei ya chini kuliko hii inayostahili pesa yako. Ukilinganisha na f/5.6, tundu la f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi. Maana yake, jua likishazama na mwenye zumu anafunga begi, wewe bado una dakika kumi na tano za kupiga bila tripodi. Weka jua, au mng'ao wake unaopenya majani ya mnazi, nyuma ya ua kwa mbali, na kila tobo la mwanga litageuka duara laini la dhahabu.

Hapo ndipo toleo linapokuwa na maana kubwa. Canon ina 50mm f/1.8 II ya zamani na 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, na kwenye soko la vilivyotumika zote mbili hupatikana. Igeuze uitazame nyuma: kitako cha II ni cha plastiki, cha STM ni cha chuma. II ina mapanga matano, vile vipande vinavyolifunga tundu, kwa hivyo ukilifunga kidogo yale maduara huwa pembe tano. STM ina saba yaliyopindwa, na maduara hubaki maduara. II hukaribia hadi sentimita 45, STM hadi 35. Ongeza pesa uchukue STM.

Kwa Nikon mtego ni mwingine. Lenzi ya 50mm f/1.8D ni rahisi na huuzwa kwa wingi, lakini haina mota ndani. Ukiifunga kwenye kamera za jamii ya D3000 au D5000, utazungusha fokasi kwa mkono, na kwa ua linalocheza kwenye mwanga unaokwisha hiyo ni taabu. Tafuta yenye herufi G na maandishi AF-S, au 35mm f/1.8G DX.

Kina cha fokasi kwa f/1.8 ua likiwa nusu mita ni milimita 6 hivi. Petali moja kali, nyingine imeyeyuka. Funga hadi f/2.8 au f/4 unapokuwa karibu, acha f/1.8 kwa ua lililo mita moja na zaidi.

Anayetaka kukaribia zaidi bila kununua lenzi nyingine anunue mirija ya kuongeza urefu, ile inayofungwa kati ya kamera na lenzi, yenye vijichuma vya kupitisha umeme. Mrija wa 12mm kwenye 50mm STM hukutoa kwenye fremu ya upana wa sentimita 10.6 hadi sentimita 5 hivi. Iliyo tupu, isiyo na vijichuma, iache dukani: haipatanishi tundu wala fokasi.

Nafasi ya tatu: ile 18-55mm uliyonayo

Usinunue nyingine ya aina hii; itumie iliyokuja na kamera. Wengi hawajui kwamba 18-55mm IS STM hukaribia hadi sentimita 25 na fremu yake hufikia upana wa sentimita 6, yaani hukaribia kuliko 50mm iliyo juu yake kwenye orodha. Inashindwa kwa mwanga tu. Kwa picha pana ya shamba, mawingu na minazi, kabla jua halijazama, inatosha kabisa.

Nafasi ya nne: makro ya 90mm au 100mm

Makro ni lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Ni bora kuliko zote hapa kwa ubora wa kioo, na bei yake ni mara kadhaa ya 50mm. Tumeishusha kwa sababu ya saa. Ukikaribia hadi ua litokee kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, kwa f/8, sehemu kali haifiki hata milimita moja, na f/8 jua likiwa linazama hukupeleka kwenye shata ya polepole ambayo upepo hauiruhusu. Makro inataka asubuhi tulivu. Na asubuhi ndiyo saa ya maua mengi ya pwani: yungiyungi la buluu na ua la Ipomoea linalotambaa ufukweni huwa yameshafumba au kunyauka kabla ya jioni. Kama hayo ndiyo unayoyapenda, makro ipande hadi nafasi ya kwanza na uweke saa ya kuamka.

Mwisho kabisa: lenzi pana sana ya 10-18mm, na lenzi za kubana kwenye simu

Lenzi pana huyasukuma mbali maua yaliyokwisha kutawanyika, na jua huwa nukta. Za kubana kwenye simu hufifisha pembe za picha na kuzaa madoa ya mwanga jua likiwa mbele. Pesa yake iweke kwa ajili ya 50mm.

Ukinunua iliyotumika

Unyevu na chumvi ya hewa yetu huua lenzi polepole, na muuzaji anaweza asijue. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Kuvu huonekana kama utando wa buibui, mara nyingi kuanzia ukingoni. Ukiuona, rudisha. Vumbi chembe mbili tatu si neno. Kagua vijichuma vya nyuma: ukijani au weusi ni dalili ya chumvi. Kisha piga ukuta wa matofali ukiwa umeutazama sawasawa, tundu likiwa wazi kabisa, ukuze picha kwenye skrini na ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa hafifu kuliko nyingine, kioo kimehama ndani. Huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Filta ya bei rahisi iliyofungwa mbele ivue kila unapoelekeza lenzi kwenye jua, la sivyo utapata jua la pili la kijani kwenye picha. Iwapo ulipita karibu na bahari, futa chumvi kwanza kwa kipulizo, halafu kitambaa laini.

Nyumbani usiiache ndani ya begi la ngozi au kabatini. Sanduku la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, pakiti za silika (chembe za kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ibadilishe. Mchele haufai badala yake, maana unga wake huingia kwenye pete ya zumu na kuikwaruza.