Wajitoleaji wa kigeni katika elimu ya afya ya wasichana: tathmini kutoka shule moja ya Mbagala

Shule yetu ya sekondari ya kutwa iko upande wa Mbagala, na mwaka jana ilipokea kundi la vijana wa kigeni, wengi wao kutoka Ujerumani na Uholanzi, walioletwa na taasisi moja ya hapa Dar es Salaam inayowapangia wageni kazi za kujitolea katika elimu ya afya na uwezeshaji wa wasichana. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi, hivyo kundi hilo lilikabidhiwa kwangu tangu siku ya kwanza hadi lilipoaga. Taasisi yenyewe siitaji jina, kwa kuwa zipo nyingine zinazoendesha shughuli zake kwa mtindo uleule, na ninayoyaandika yanawahusu walimu na wazazi watakaoletewa maombi ya aina hii.

Kwa upande wa nyaraka sina la kulalamika. Barua ya Afisa Elimu Sekondari wa manispaa iliwatangulia wageni, kila mmoja wao alikuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo ndilo daraja la wanaojitolea, na shule haikutozwa hata shilingi moja, kwani gharama zote wageni huilipa taasisi wenyewe. Mkuu wa shule atakayeletewa watu wenye viza ya utalii tu asione haya kuwarudisha, maana maofisa wa Uhamiaji wakifika, atakayetakiwa kutoa maelezo ni yeye.

Somo la hedhi salama ndilo lililotufaa kuliko yote, na sehemu kubwa ya sifa hiyo anaistahili muuguzi Mtanzania ambaye taasisi imemwajiri afuatane na wageni. Wasichana walifundishwa kushona taulo za kike za kufua: flana juu, tabaka za kitambaa cha taulo katikati, kitambaa kisichopitisha maji chini, na vifungo vya kubana kwenye mbawa zake. Si jambo dogo kwa familia za mtaani kwetu. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairejesha mwaka 2019 baada ya kuona kwamba bei madukani haikushuka, na hadi leo wapo akina mama ambao pakiti ya kila mwezi kwa mabinti watatu ni mzigo wasioumudu.

Mgeni aliyekuwa akifundisha alisisitiza, tena kwa usahihi, kwamba taulo ikishafuliwa kwa sabuni ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza aianike wapi, ilhali kwao wamepanga chumba kimoja na kamba ya uani ni ya wapangaji wote, wanaume wakiwamo. Swali hilo halikuwamo katika kitini cha mgeni, naye akabaki kimya. Muuguzi ndiye aliyemwelekeza aitandaze kambani na kuifunika kwa kanga moja nyepesi, ili jua na hewa viendelee kupita, akawaonya wote wasiifiche chini ya godoro ambako unyevu hubaki na vijidudu huzaliana. Wasichana waliokuwa wakichorachora maua pembeni mwa madaftari waliliandika jibu hilo neno kwa neno.

Hali kama hiyo ilijitokeza tena lilipofunguliwa sanduku la maswali. Karatasi kadhaa ziliuliza iwapo chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi humfanya msichana asizae, uvumi unaozunguka mitaani tangu chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Mgeni alieleza vizuri kwamba chanjo hukinga dhidi ya virusi na haigusi uwezo wa kuzaa, lakini akataja dozi mbili kwa mujibu wa utaratibu wa kwao Ujerumani, na ikabidi muuguzi asahihishe kwamba hapa nchini, tangu mwaka 2024, wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Mtoto aliyekwisha kuchanjwa angerudi nyumbani akidhani hajakamilisha.

Hata hivyo, nisiwanyime wageni haki yao. Lile sanduku lilijaa kwa sababu yao. Mimi nakutana na mama wa mwanafunzi sokoni Jumamosi, na binti analijua hilo. Mgeni hana wa kumpelekea habari. Zamani mwali alikuwa na somo wake wa kumfunda, lakini wengi wa watoto hawa bibi na shangazi zao wako mbali na jiji, na mambo mengi hawana wa kumuuliza.

Uwezeshaji ndiyo sehemu iliyopwaya. Wasichana waliimbishwa kujiamini na kuzifuata ndoto zao, wakapaka rangi mabango ya kupendeza, na saa mbili zikaisha hivyo. Hakuna aliyegusia nauli ya mwanafunzi. Mtoto wa shule hulipa shilingi 200 kwenye daladala, kwa hiyo makonda wengi humkwepa wakitafuta mtu mzima atakayelipa nauli kamili, giza linaingia binti bado yuko kituoni, na hapo ndipo hutokea kijana wa bodaboda mwenye lifti ya bure na, siku za mbele, sahani ya chipsi. Kwetu hatari nyingi huanzia kituoni. Msichana anahitaji maneno ya kuikataa lifti ile, anahitaji kujua kwamba namba 116 ni ya msaada kwa mtoto na haina malipo, na kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Haya nimeyafundisha mwenyewe baada ya wageni kuondoka.

Suala la picha lilinikera zaidi. Nilikuta wasichana wamepangwa mstari, kila mmoja ameinua taulo aliyoshona, wakipigwa picha za kupelekwa mitandaoni, ilhali hakuna mzazi aliyeombwa ridhaa kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Niliomba picha zifutwe mbele yangu, zikafutwa, na mratibu hakubisha.

Kundi lilipoondoka baada ya wiki tatu, tuliiandikia taasisi kwamba tutapokea jingine iwapo muuguzi atakuwapo katika kila kipindi, picha za wanafunzi zitakoma, na wageni watakaa muhula mzima. Mawili ya kwanza yamekubaliwa kwa maandishi. La tatu linasuasua, kwa maelezo kwamba likizo za wageni ni fupi. Kwa sasa naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za muuguzi.