Siku 14 au saa 72? Kuingia Unguja wakati wa korona

Machi 2020, waliotoka nchi zenye maambukizi mengi waliwekwa karantini siku 14, kwa gharama zao wenyewe. Mei amri ikaondolewa. Mei 2021 ukaja utaratibu mwingine: cheti cha PCR, yaani kipimo cha korona cha maabara, kisichozidi saa 72 tangu kupimwa, kisha kipimo cha haraka uwanja wa ndege.

Karantini ina nguvu yake. Aliyeambukizwa jana, kipimo huweza kumkosa. Siku 14 humfichua. Hata hivyo mimi nachagua kipimo. Ami alirudi kutoka Muscat bibi alipofariki, siku za karantini. Tulimwona dirishani tu, kikombe cha kahawa mkononi, na hitima ikasomwa bila yeye. Kwa PCR angepimwa puani, akaja kukaa jamvini na ndugu zake.